Mkono Mama

Tusekile Mwaijande alianza kuipanda ngazi ya dohani akiwa ameshaamua kwamba mtu ambaye yeye anakwenda kumtathmini ni mwongo. Kilichobaki ni kujua uongo wenyewe unafanyikia wapi, maana kazi ya kupima moshi ina mahali pengi pa kuuficha.

Dohani ilikuwa ya kiwanda cha saruji cha Iganjula, kwenye miteremko ya Mbeya, na jukwaa la wapimaji lilikuwa mita arobaini kutoka chini. Alifika juu akihema, akaifunga ndoano ya mkanda wake wa usalama kwenye reli, ndipo akamtazama mwanamume aliyekuwa akimsubiri. Ambokile Mwasumbi alikuwa na miaka arobaini na minne, fundi wa pampu kwa muda mrefu kabla ya kuingia kwenye upimaji. Alikuwa amekunja mikono ya ovaroli hadi viwikoni, na kwenye mkono wa kulia yalionekana makovu mawili marefu.

"Ugonile, mama," alisema Ambokile.

"Nnono." Tusekile alimjibu kwa Kinyakyusa kwa sababu adabu ilimtaka, kisha akarudi kwenye Kiswahili cha kazi. "Fanya kama sipo. Sitakusaidia na sitakukataza. Nikiuliza, unajibu."

Makovu yale alikuwa ameyasoma kwenye faili. Mara mbili hospitali ilijaribu kumpandikiza uzi, na mara mbili mwili wake uliutema.

Kila mpimaji mwenye cheti alikuwa na uzi. Ulilala chini ya ngozi, kutoka kifundo cha mkono hadi begani, mwembamba kuliko unywele, na mwenye nao alipoushika mrija wa sampuli, mkono wake ulijua la kufanya bila yeye kufikiri. Tusekile alikumbuka enzi za kabla ya uzi: vyeti vikining'inia ukutani kwa watu wasiojua mrija unashikwa upande gani, maswali ya mtihani yakizunguka mitaani siku moja kabla. Ndipo Mamlaka ya Umahiri ilipomtafuta mpimaji mmoja aliyewazidi wote, ikaunakili mkono wake, misuli na mishipa ya fahamu, ikapanda nakala zake katika mikono ya wengine. Mkono ule wa kwanza uliitwa Mkono Mama. Miaka kumi na moja baadaye, wapimaji mia tatu na kumi na wawili, kutoka Kigoma hadi Mombasa, walikuwa wakipima kwa mkono huo mmoja.

Ulikuwa mkono wa Tusekile.

Kwa hiyo Mamlaka ilipopokea ombi la mtu anayetaka ithibati bila uzi, kwa kutumia kifungu cha tisa ambacho hakuna aliyewahi kufuzu kwacho, ilimtuma yeye. Na walipomtuma walimwambia jambo moja: wiki iliyopita wapimaji wenye uzi walipima dohani hii wakapata miligramu arobaini na nane za vumbi kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Kikomo cha sheria ni hamsini. Huyu bwana, kwenye mazoezi, anapata sabini na ushei.

Ambokile alifungua kifuniko cha tundu la kupimia. Hewa ya moto ilitoka na harufu ya chokaa. Akauingiza mrija, mrefu kama mpini wa jembe mara mbili, hadi mdomo wake ukafika katikati ya dohani, ambako hakuna jicho linalofika. Kisha akatoa mfukoni kitu ambacho Tusekile hakuwa amekiona juu ya jukwaa tangu akiwa kijana: pimamaji, ile ya mafundi uashi, ndogo, ya njano. Akailaza kwa mkingamo juu ya mpini wa mrija, akainama, akaugeuza mpini polepole mpaka kiputo kikatulia katikati.

"Hiyo ya nini?" Tusekile aliuliza.

"Inaniambia mdomo wa mrija unatazama wapi, mama. Moshi unapanda juu. Mdomo lazima uutazame uso kwa uso. Ukikaa upande, hewa nyepesi itaingia tu, lakini vumbi zito litapita pembeni. Hesabu zote zitakubali, na vumbi litakuwa limepotea."

Alikuwa amejibu sawasawa, kama kitabu. Lakini mkono wa kulia wa Tusekile ulikuwa unawasha. Uzi wake ulikuwa umeamka kwa kumtazama mtu akifanya kazi yake, na ulikuwa unataka kitu kimoja: kuukamata mpini ule na kuugeuza kushoto, kiasi cha upana wa kidole. Mkono wake ulimwambia Ambokile amekosea. Na mkono wake ulikuwa haujawahi kukosea.

*Amekichezea hicho kidude,* aliwaza.

Sababu ya kuchezea ilikuwepo. Nyumba ya mama yake Ambokile ilikuwa kilomita mbili kutoka pale, chini ya upepo wa kiwanda. Miaka mitatu nyuma wanakijiji walifungua shauri kwenye baraza la mazingira wakitaka kiwanda kiwekewe vichujio vipya, wakashindwa. Kwenye orodha ya walalamikaji, jina la kumi na saba lilikuwa Ambokile Mwasumbi.

"Nipe hiyo pimamaji," alisema.

Akampa bila kusita. Tusekile aliiweka juu ya sakafu ya chuma, akatazama kiputo kiliposimama, akaigeuza kichwa kikawa mkia, akatazama tena. Ingekuwa mbovu, kiputo kingehamia upande wa pili. Hakikuhama. Akaigeuza mara tatu zaidi. Akamrudishia, na badala ya kutulia moyoni alizidi kumshuku, maana mwongo ambaye hakujificha hapo amejificha mahali pazuri zaidi.

Kuanzia hapo hakumpa nafasi. Vile vipande vya chujio vinavyonasa vumbi alivipima mwenyewe kwenye mizani kabla havijaingia kwenye mrija, na vilipotoka alivifungia kwenye sanduku, akalitia lakiri, akalipakata mwenyewe garini hadi maabara mjini Mbeya. Alisimama nyuma ya mtu wa mizani wakati wote. Jibu lilipotoka, lilikuwa sabini na moja.

*

Kesho yake alikwenda shuleni.

Shule ya msingi ya Iganjula ilikuwa kati ya kiwanda na kijiji. Migomba iliyoizunguka ilikuwa na majani meupe kama yaliyonyunyiziwa unga, na watoto waliokuwa wakicheza uani walikuwa wamejifunga vitambaa puani. Walicheza navyo kama vile ni sehemu ya sare. Tusekile hakuja kwa ajili ya watoto. Alikuja kwa sababu mlinzi wa kiwanda alimnong'oneza kwamba Ambokile kila jioni anaonekana kwa mwalimu mkuu.

Akawakuta wote wawili ofisini, wameinamia daftari. Ambokile alisimama haraka. Mwalimu mkuu, Subilaga Mwakatundu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, hakusimama.

"Karibu, mama. Nilikuwa nakutarajia," alisema.

"Kwa nini unitarajie?"

"Kwa sababu kila anayepata namba tusiyoambiwa tuipate, huja mtu kumchunguza." Aligeuza lile daftari kumwelekea. "Soma. Ni rejesta ya wanaokohoa. Bwana Mwasumbi ananisaidia kuinakili, macho yangu mabaya."

Tusekile hakulisoma. Alimtazama Ambokile. "Hukusema kwamba wewe ni rafiki wa walalamikaji."

"Hukuniuliza, mama. Mimi mwenyewe ni mlalamikaji. Jina langu limo."

"Na unataka niamini kipimo chako?"

"Sitaki uniamini. Ndiyo maana naweka pimamaji."

Mwalimu Subilaga alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Siku ya baraza tulikwenda watu sitini," alisema. "Tulibeba majani ya migomba, tukabeba picha za vifua vya watoto. Wakili wa kiwanda hakubishana na hata mmoja wetu. Alisoma ripoti ya wapimaji, arobaini na saba, akasema yale maneno ya tangazo lenu: *uzi hauna ndugu*. Akakaa. Tukawa tumeshindwa."

"Na ni kweli hauna ndugu," alisema Tusekile. "Nyinyi mnao."

 Nje kengele iligongwa na vishindo vya watoto vikapita dirishani. Ambokile ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, ya mtu aliyefikiria maneno yake muda mrefu.

"Mama, unaniona mwongo na sikulaumu. Basi kesho panda wewe. Shika mrija wewe, na uzi wako, dohani ileile, tundu lilelile. Mimi sitagusa kitu. Nitailaza pimamaji juu ya mpini wako tu, halafu utatazama mwenyewe."

Tusekile alitaka kukataa. Mtathmini hapimwi na mtathminiwa. Lakini aliona kwamba akikataa mbele ya mwanamke yule atashuka kilima akiwa na kitu kinachofanana na woga, na yeye hakuwa na la kuogopa.

"Saa mbili asubuhi," alisema.

*

Saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshaupasha moto ukingo wa jukwaa. Tusekile alivaa glavu, akauingiza mrija, na uzi ukaamka kama kawaida yake: joto dogo begani, kisha mkono ukawa mwepesi, ukajikunja, ukaugeuza mpini kushoto kidogo, ukatulia. Raha ile hakuwahi kuichoka. Ilikuwa kama kuingia nyumbani kwako gizani na kukuta kitasa palepale.

"Weka," alisema.

Ambokile akailaza pimamaji. Kiputo kilikimbia kulia hadi mwisho wa kioo, kikaganda pale.

Tusekile alikitazama. Akautoa mrija, akauingiza tena, mkono ukafanya ulivyofanya, kiputo kikaenda kulekule. Mara ya tatu. Mara ya nne. Ambokile alitoa kipimapembe cha plastiki, kile cha wanafunzi, akakishikiza kwenye mpini, akasoma, akamwonyesha. Digrii ishirini na mbili.

 Wazo la kwanza lilikuwa la hasira, na lilikuja na jina la mtu: Hizza Shekalaghe, Mkurugenzi wa Mamlaka. Kila mwaka Mamlaka iliufanyia uzi marekebisho kutoka makao makuu, usiku mmoja, kwa mikono yote. Ni nani aliyewahi kuuliza kinachorekebishwa? Viwanda vingapi vingependa digrii ishirini na mbili? Alijiona jinsi walivyomtumia, jina lake na heshima yake, wakaupinda mkono wake huku wakiendelea kuuita Mama.

"Wameuchezea," alisema. "Wameuchezea uzi."

"Unaweza kuuzima?" Ambokile aliuliza.

Kila mtathmini alikuwa na ufunguo wa sumaku kwa ajili ya dharura. Tusekile aliupitisha juu ya bega lake. Mkono ukawa mzito, ukarudi kuwa nyama na mifupa ya mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Sasa hapakuwa na Mamlaka ndani yake wala mtu mwingine yeyote. Akaushika mrija kwa mkono wake mwenyewe, akauweka alipoona ni sawa kabisa, kwa ujuzi wa miaka thelathini.

Kiputo kilikwenda kulia hadi mwisho.

Alikaa chini kwenye sakafu ya chuma, mgongo kwenye ukuta wa joto wa dohani. Ambokile alimletea maji, na kwa hilo Tusekile alimshukuru baadaye. Hapo ndipo alipokumbuka.

Wiki moja kabla ya siku ya kunakiliwa, bodaboda aliyokuwa amepanda iliteleza kwenye tope la Uyole, akaangukia kiwiko. Kilivimba kama embe. Alijua akisema, siku itaahirishwa, na pengine nafasi itakwenda kwa mwanamume wa Arusha aliyekuwa wa pili kwenye orodha. Akakifunga bandeji chini ya shati la mikono mirefu. Kwenye chumba cha kunakilia, msichana mwenye koti jeupe alimsomea maswali kwenye karatasi. *Una maumivu yoyote leo?* Akajibu: *Sina.* Kisha kwa saa sita alipima moshi wa majaribio mbele ya mashine, na kila alipokinyoosha kiwiko kilimchoma, kwa hiyo alikigeuzia kushoto, mahali kinapouma kidogo. Kiasi cha upana wa kidole. Alifanya hivyo mara nyingi hata akaacha kuona.

Kiwiko kilipona. Lakini uzi aliopewa yeye mwenyewe, nakala ya kwanza, uliendelea kuukumbusha mkono wake kila siku jinsi ya kukwepa maumivu ambayo hayakuwepo tena. Hakuna aliyemchezea. Hakuna aliyedanganya isipokuwa yeye, neno moja, miaka kumi na moja iliyopita.

*

Alimpigia Mkurugenzi mchana huohuo kutoka chumba cha wageni cha kiwanda. Uso wa Shekalaghe ulitokea kwenye kishikwambi, mnene, wa upole, nyuma yake vyeti vya mataifa manne yaliyoitambua Mamlaka.

"Dada Tusekile. Umemaliza na yule bwana?"

"Mzee, Mkono Mama una kasoro. Mdomo wa mrija unakaa upande. Nimepima."

Shekalaghe alivua miwani, akaifuta. "Digrii ishirini na mbili," alisema.

Tusekile alikuwa hajamtajia digrii.

Alikisogeza kishikwambi karibu. "Umejua tangu lini?"

"Mwaka juzi. Kijana wetu wa maabara aligundua, nikamhamisha kitengo." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza ratiba. "Usinitazame hivyo, dada. Sikuificha kwa faida yangu. Fikiri. Wapimaji mia tatu, wote waadilifu, hakuna aliyefanya kosa lolote. Kila ripoti yao ya miaka kumi na moja itafutwa. Matanuri ya kuchomea taka za hospitali yatazimwa kwa kukosa vipimo, na taka hizo zitakwenda wapi? Mitambo ya umeme itasimamishwa. Nchi jirani zitaacha kututambua, na tutarudi kwenye vyeti vya ukutani. Unazikumbuka siku zile kuliko mimi."

"Nazikumbuka."

"Basi sikiliza. Marekebisho yapo tayari. Digrii mbili kila mwezi, polepole, mikono haitasikia. Ndani ya mwaka mmoja uzi utakuwa umenyooka, viwanda vitaonekana vimeanza kuchafua zaidi, vitalazimishwa kuweka vichujio. Watoto wa Iganjula watapata hewa safi na hakuna atakayeumia. Ninachokuomba ni fomu ya huyo bwana tu."

Tusekile alielewa fomu inamaanisha nini. Ilikuwa na visanduku viwili. Akiandika *Hajafuzu*, Ambokile atarudi kwenye pampu zake na sabini na moja yake itatupwa. Akiandika *Amefuzu*, kipimo chake kitaingia kwenye kumbukumbu rasmi kikiwa na uzito sawa na kingine chochote, mfumo utaona kimepishana na cha wiki iliyopita kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kwa kanuni aliyoiandika Tusekile mwenyewe, nyuzi zote zitasimamishwa papo hapo hadi uchunguzi uishe. Hapakuwa na kisanduku cha tatu.

"Na lile shauri la baraza?" aliuliza. "Wale watu sitini?"

"Shauri limefungwa, dada."

"Waliambiwa wanaongopa, mzee. Mimi pia niliwaambia hivyo jana, kwenye ofisi yao."

"Kwa hiyo utawavunja watu mia tatu ili uwaombe radhi watu sitini?" Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa na ncha. "Na ukishasema kasoro ipo, wataniuliza ilitoka wapi. Nitaifungua karatasi ya siku ile. Nimeisoma. Umejibu *Sina*."

Alikuwa anajua na hilo pia. Alikuwa amelihifadhi miaka miwili, amelikunja vizuri, kwa ajili ya saa kama hii. Tusekile aliutazama ule uso wa upole akajiuliza, kwa mara ya kwanza, ni mikutano mingapi wameketi pamoja na mtu huyu akimpima kama mrija.

Alikata simu.

Alikaa na ile fomu hadi saa kumi. Aliwawazia wapimaji kwa majina, maana wengi aliwatathmini mwenyewe. Aliwaza matanuri ya hospitali, na kwenye hilo Shekalaghe hakusema uongo: kuna mahali taka zitarundikana, na kuna watu zitawadhuru. Alijaribu kwa moyo wote kuiamini ile njia ya digrii mbili kwa mwezi. Ilikuwa njia nzuri. Ilikuwa na ubaya mmoja tu, kwamba ilihitaji kuandika kwamba mtu anayejua kazi hajui kazi. Na kazi yake Tusekile, ukiondoa uzi na vyeo na jina la Mama, ilikuwa ni hiyo tu: kumtazama mtu akifanya kazi na kusema kweli kama anaijua.

Aliandika *Amefuzu*. Kwenye nafasi ya maelezo, inayotosha mistari mitano, aliandika habari ya bodaboda, bandeji na lile neno moja, kwa mpangilio, na namba ya simu yake mwisho. Kisha akatuma.

Hakukuwa na kishindo. Kitu kidogo kiliachia begani mwake, kama uzi wa kifungo unapokatika.

*

Taarifa ya kusimamishwa, pamoja na maelezo yake, iliwafikia wapimaji wote, na simu zilianza kabla jua halijazama. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha wageni, na Ambokile amekuja kumuaga, hajui bado kama afurahi. Tusekile alikuwa amejiandaa kutukanwa, na alitukanwa. Mpimaji wa kwanza, kutoka Tanga, alimwita mwizi wa maisha ya watu. Wa pili alilia tu. Wa tatu alitaka kujua lini mkono utawaka tena, na alipoambiwa huenda hautawaka kamwe, alikata bila kuaga.

Wa nne alikuwa mwanamume mwenye sauti ya taratibu.

"Mama Mwaijande? Naitwa Magesa Bwire, niko Musoma. Nilikuwa juu ya dohani mkono ulipozima."

"Pole, ndugu yangu. Ukiwa juu! Umeshuka salama?"

"Nimeshuka. Nimesoma maelezo yako. Nataka kukuuliza jambo."

"Uliza."

"Kiwiko ni cha kulia?"

"Ndiyo. Cha kulia."

Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu.

"Nina uzi kwa miaka tisa," Magesa alisema. "Na kwa miaka tisa kiwiko changu cha kulia kinauma. Kila siku ya kazi. Nimepigwa picha Mwanza, nimepigwa picha Dar es Salaam, kila daktari anasema hakuna kitu, mfupa mzima. Mke wangu alishaanza kusema natafuta visingizio. Tulipokutana wapimaji kwenye semina nikauliza kwa siri, nikakuta wenzangu wanne wanaumwa hivyohivyo, na kila mmoja anaficha asije akanyang'anywa cheti."

 Ambokile aliuona uso wa Tusekile, akasogea karibu.

"Leo saa kumi umekoma," Magesa aliendelea. "Ghafla, kama mtu ameondoa mkono wake juu yangu. Nimekaa hapa nakikunja na kukikunjua kama mtoto. Sijui nikushukuru au nikushtaki. Lakini nieleze tu, mama. Siku ile, kwenye hicho chumba, ulikuwa unaumwa hivi? Hivi kabisa?"

"Hivyo kabisa," alisema Tusekile.

"Na walipokuuliza ukasema huna."

"Nilisema sina."

Magesa hakukata simu. Alisikika akipumua huko Musoma. Kwenye kioo cha simu majina mengine yalikuwa yakijipanga yakisubiri, tisa, kisha kumi na nne, na yakazidi kuongezeka. Ambokile alinyoosha mkono, akamwashiria kwamba anaweza kuizima hiyo simu, apumzike, azungumze nao kesho.

Tusekile alitikisa kichwa.

"Niambie," alimwambia yule mtu wa Musoma. "Anzia mwanzo. Kilianza kuuma lini, na kilikuwa kinauma wapi hasa."